Bajeti Isiyobandikwa Ukutani

Jirani yangu mmoja, mjane anayeishi nje kidogo ya mji wa Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya, alipata milioni yake ya PDM, mpango wa serikali wa kukopesha kaya kupitia parishi (eneo dogo la utawala lenye vijiji kadhaa), akanunua nguruwe. Majike manne na dume mmoja, wote wachanga. Kilichobaki akajengea banda la mabanzi na kununua pumba. Kwa miezi saba alikuwa mtu wa kupigiwa mfano kijijini. Wageni waliletwa kuliona banda lake, wakapiga picha. Kisha homa ya nguruwe ikaingia.

Ugonjwa huo hauna dawa, wala hatuna chanjo yake hapa Uganda. Kinachookoa ni kuwahi: kufunga banda, kuwazika waliokufa badala ya kuwauzia wachinjaji kwa bei ya kutupa, kumzuia mnunuzi asitoke banda hili na viatu vyake akaingia lile. Mama hakuyajua hayo. Siku ya pili alimpigia simu daktari wa mifugo, na daktari, ambaye ni mtu mwema, akamwambia kweli: pikipiki ipo, mafuta hayapo. Wiki haikuisha, banda likawa tupu. Deni lake lingali kwenye daftari la SACCO ya parishi, na siku hizi mama akimwona chifu wa parishi anakuja barabarani, hukata njia akapitia kwenye mihogo.

Milioni ile ilitoka kwenye bajeti ya taifa. Mafuta ya pikipiki nayo yalipaswa kutoka kwenye bajeti hiyohiyo. Moja ilifika, ya pili haikufika, na ile isiyofika ndiyo iliyoila ile iliyofika.

Nimekuwa nikiyawaza haya tangu siku ile. Shilingi ya serikali humfaa mtu anapojua kwamba ni yake kwa haki, ni kiasi gani, inakuja lini, inakuja pamoja na nini, na amdai nani isipofika. Pale Uganda ilipoyatimiza hayo, hata kwa pesa kidogo, watu walisaidika. Pale ilipotoa pesa nyingi kama fadhila, zilipita kama mvua ya mawe.

Kila Juni, hapa mpakani redio huwa mbili. Upande huu tunamsikiliza Waziri wetu wa Fedha akiwa uwanja wa Kololo, Kampala. Upande wa pili wenzetu wa Busia ya Kenya wanamsikiliza wa kwao, kwa kuwa nchi za Afrika Mashariki zimezoea kusoma bajeti zao siku moja. Yetu ya mwaka wa fedha 2025/26, iliyosomwa tarehe 12 Juni 2025, ilikuwa shilingi trilioni 72.4 hivi. Ukiigawa kwa watu milioni 45.9 waliohesabiwa katika sensa ya 2024, kila mmoja wetu, mpaka mtoto aliyezaliwa jana, angepata zaidi kidogo ya milioni moja na nusu. Lakini trilioni hizo si pesa zilizopo mkononi. Makusanyo ya ndani yaliyolengwa yalikuwa trilioni 37.2, na riba ya madeni peke yake inachukua trilioni 11 na ushee. Hesabu mwenyewe: katika kila shilingi kumi za kodi, karibu tatu zinakwenda kwenye riba kabla mwalimu hajalipwa wala kidonge hakijanunuliwa. Sehemu nyingine kubwa ya hizo trilioni 72 ni mikopo mipya ya kulipia mikopo ya zamani.

Jioni ya siku hiyo, pale Sofia na Arubaine, mitaa ya Busia yetu, swali huwa lilelile: "Na sisi tumewekewa ngapi?" Ni swali la haki kabisa. Shida yake ni kwamba limechelewa.

Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2015 imepanga ratiba ambayo wengi wetu hatukuwahi kusomewa. Waraka wa mwelekeo wa bajeti unafika Bungeni ifikapo tarehe 31 Desemba. Bajeti yenyewe inapelekwa ifikapo Aprili mosi, na Bunge linatakiwa liwe limeipitisha ifikapo 31 Mei. Kwa hiyo Waziri anaposimama Kololo mwezi Juni, mlango umeshafungwa. Tunasomewa yaliyokwisha kukubaliwa. Mlango huwa wazi Oktoba na Novemba, wilaya zinapoitisha mikutano ya bajeti na kuuliza, angalau kwa maneno, wananchi wanataka nini kitangulie. Mwezi wa mvua za vuli, wakati kila mtu yuko shambani, ndipo hatima ya mafuta ya ile pikipiki inapoamuliwa.

Niliwahi kuhudhuria mkutano mmoja wa namna hiyo. Ukumbi ulikuwa umejaa, na nia ya waliouitisha ilikuwa njema. Ila karatasi zote zilikuwa za Kiingereza. Karibu nami alikaa mama anayeuza mitumba, mwenye akili ya hesabu kuliko wengi wetu, akashika kitabu cha bajeti mapajani kwa saa tatu kama mtu aliyeshika mtoto wa mwenzake. Soko lote la Busia huendeshwa kwa Kiswahili. Hapo ndipo Msamia, Muteso, Mjapadhola, Mgisu na Mkenya wanapoelewana bei. Katiba yetu tangu marekebisho ya 2005 inakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaagiza kifundishwe shuleni kama somo la lazima. Basi ukurasa mmoja tu wa bajeti ya wilaya kwa Kiswahili, mmoja, ungemfanya yule mama asimame aulize. Nina hakika angeuliza jambo ambalo hakuna aliyeliuliza siku ile.

Tuje kwenye PDM yenyewe, kwa kuwa ndiyo mpango mkubwa wa sasa na ndiyo inayozungumzwa kila kibaraza. Rais Museveni aliuzindua Kibuku, Februari 2022. Wazo lake ni kuiteremsha serikali kutoka wilayani mpaka kwenye parishi, au muluka kama wengi wetu tunavyosema. Kila parishi, na ziko zaidi ya 10,500, inatengewa shilingi milioni 100 kwa mwaka. Ndiyo maana bajeti huonyesha trilioni moja na kidogo kwa ajili ya mpango huu. Pesa zinaingia kwenye SACCO ya parishi, na kaya inakopa mpaka milioni moja kwa riba ya asilimia 6 kwa mwaka, huku ikipewa muda wa kupumua kabla ya kuanza kulipa. Mgao umepangwa: asilimia 30 kwa wanawake, 30 kwa vijana, 20 kwa wanaume, 10 kwa wazee na 10 kwa watu wenye ulemavu.

Sitakubali mtu aniambie haya ni kitu kidogo. Wakopeshaji wa mjini hutoza asilimia 10 au 20 kwa mwezi, na wengine hushikilia kitambulisho chako mpaka umalize. Mkopo wa asilimia 6 kwa mwaka, bila hati ya kiwanja, ni kitu ambacho bibi yangu hakukiona maisha yake yote. Namjua kijana aliyeitumia milioni yake kupogoa na kuweka mbolea mibuni aliyoachiwa na baba yake. Bei ya kahawa ilipopanda mwaka 2024 alilipa watoto ada na bado akabaki na mtaji. Alikuwa na mibuni tayari, ardhi tayari, na baba aliyemfundisha kazi. Milioni ilimkuta amesimama.

Lakini hesabu ya parishi inahitaji kusemwa kwa sauti, kwa sababu watu wanagombana pasipo kuijua. Ukigawa idadi ya watu wa nchi kwa idadi ya parishi, unapata kama watu 4,300 kwa parishi moja. Tuseme kaya ina watu wanne au watano: hizo ni kaya 900 mpaka 1,000. Milioni 100 zinatosha kaya 100 kwa mwaka. Maana yake, pesa zikija zote na kwa wakati, kaya tisa kati ya kumi zitabaki zikisubiri mwaka wa kwanza, na ya mwisho itafikiwa baada ya miaka tisa au kumi, isipokuwa waliotangulia warudishe. Huo ndio ukweli wa mpango, na hauna aibu yoyote. Mpango wa miaka kumi ni mpango. Aibu inaanza pale ambapo hakuna aliyewaeleza wale 900 kwamba wako kwenye foleni, wala foleni imepangwaje. Mtu asiyejua foleni ilivyo, akimwona mwenzake kaitwa, husema kahonga. Mara nyingine huwa kweli. Mara nyingine si kweli, lakini hana namna ya kujua, na ujirani unavunjika kwa pesa ambayo ilikuja kuwasaidia wote.

Halafu kuna nguzo. PDM kwenye karatasi ina nguzo saba: uzalishaji pamoja na kuhifadhi, kusindika na kutafuta soko, miundombinu, huduma za fedha, huduma za jamii, kubadilisha fikra, mfumo wa takwimu, na utawala. Waliouandika waliona mbali. Walijua kwamba mkopo ni nguzo moja tu na kwamba nyumba haisimami kwa nguzo moja. Ukitembea vijijini leo na kumuuliza mtu PDM ni nini, atakujibu: milioni moja. Nguzo ya tatu imemeza nyingine zote. Bwana shamba ni mmoja kwa gombolola nzima, yaani parishi kadhaa kwa pamoja, kama yupo, ghala hakuna, barabara ya kwenda sokoni inakatika kila Aprili. Ugonjwa wa miguu na midomo ulipoenea mwaka 2023 na 2024, wilaya nyingi ziliwekwa karantini na masoko ya mifugo yakafungwa. Aliyekuwa amekopa kununua ng'ombe alikaa na ng'ombe asiyeweza kumuuza na tarehe ya deni inayosogea. Kosa si la mkopaji, na kwa haki si la mkopo pia. Mkopo ulitumwa peke yake mahali ambapo ulipaswa kwenda na wenzake sita.

Wazee wetu wanaiona PDM kama sura mpya ya kitu wanachokijua. Walianza na Entandikwa katikati ya miaka ya tisini. Neno la Kiganda, maana yake mtaji wa kuanzia. Wengi waliichukulia kuwa ni asante ya siasa na hawakurudisha. NAADS, huduma ya taifa ya ushauri wa kilimo, ikaja 2001 na maafisa ugani wake. Bonna Bagaggawale ikafuata baada ya uchaguzi wa 2006. Kisha Operesheni ya Kujenga Utajiri, na wanajeshi wakigawa miche, mingine ikiletwa jua likiwa kali. Mfuko wa vijana, mfuko wa wanawake. Mwaka 2019 ikaja Emyooga kwa mafundi, wauzaji wa sokoni, madereva, waendesha boda boda. Kila mmoja wa mipango hii uliwainua watu fulani, na nisingependa kuwafuta kwa kalamu. Ila kila mmoja ulipokuja, ulikuja na jina jipya, ofisi mpya na fomu mpya, na ule wa zamani ukaachwa ufe kimya kimya pamoja na daftari lake la madeni. Mtu aliyeona hayo mara zote hizo akipewa mkopo mwingine, atawezaje kuamini kwamba huu utadumu mpaka siku ya kulipa? Kutorudisha kwake si ujinga. Amesoma historia kuliko tunavyodhani.

Sasa nataka nikae kidogo kwenye jambo ambalo kila Mganda anastahili kulijua, kwa sababu limetokea hapahapa kwetu na wachumi wa dunia nzima hulifundisha darasani.

Katikati ya miaka ya tisini, watafiti wakisaidiwa na Benki ya Dunia walifuatilia ruzuku ambayo serikali ilikuwa ikituma kwa shule za msingi kwa kila mwanafunzi. Walichukua shule 250 wakalinganisha: Kampala imetoa ngapi, shule imepokea ngapi. Walichokiona ni kwamba kati ya 1991 na 1995, kwa wastani, asilimia 13 tu ya pesa hizo zilifika shuleni. Shule nyingi hazikupata hata senti. Walimu wakuu wengi hawakujua kwamba kuna pesa iliyotumwa, kwa hiyo hawakuwa na la kudai. Pesa hazikupotea Kampala; zilishuka salama, zikaishia wilayani.

Serikali ilipolijua hilo, ilifanya jambo la bei rahisi kabisa. Ikaanza kutangaza magazetini na redioni kiasi kilichotumwa kila wilaya, na ikaagiza shule zibandike ukutani kiasi zilichopokea. Ifikapo 2001, zaidi ya asilimia 80 ya ruzuku ilikuwa inafika shuleni. Wataalamu bado wanabishana ni kiasi gani cha mabadiliko hayo kilitokana na matangazo, na kiasi gani kilitokana na mageuzi yaliyokuja na elimu ya msingi kwa wote iliyoanza 1997. Wabishane. Mimi ninachokijua ni kwamba mzazi aliyeweza kusoma nambari kwenye mlango wa ofisi ya mwalimu mkuu alikuwa na kitu ambacho mzazi wa 1993 hakuwa nacho: alikuwa na la kuuliza.

Angalia pia yaliyofanyika bila kugawa pesa taslimu. Machi 2001 serikali ilifuta malipo katika vituo vyake vya afya, isipokuwa wodi za kulipia za hospitali. Wagonjwa walimiminika, na walioongezeka zaidi walikuwa maskini, wale waliokuwa wakikaa nyumbani na homa zao kwa kukosa shilingi mia chache. Mwaka 2005 ikafutwa kodi ya kichwa. Vijana hawaikumbuki, lakini waulize baba zao: wanaume walilala vichakani askari wa gombolola walipokuja alfajiri, na asiyekuwa na tiketi alifungwa kamba akapelekwa mbele ya watoto wake. Siku kodi ile ilipoondoka, mtu maskini alisaidiwa bila kujaza fomu, bila kumjua mwenyekiti, bila kuomba.

Nina mgogoro mmoja tu na kufutwa huko, nao ni mkubwa. Kodi ya kichwa ndiyo iliyokuwa ikilisha serikali za mitaa. Kwa sheria yetu, gombolola ya vijijini hubaki na asilimia 65 ya mapato inayokusanya, na sehemu ya hizo hushuka mpaka kijijini kwa LC1, baraza la kijiji. Kodi ilipoondoka, asilimia 65 ya karibu sifuri ikawa karibu sifuri. Leo wilaya nyingi zinategemea Kampala kwa zaidi ya asilimia 90 ya pesa zake, na pesa hizo huja zikiwa zimeshaandikiwa kazi: mshahara huu, darasa lile, choo kile. Diwani aliyechaguliwa na watu wake hana hata laki tano anayoweza kuamua yeye na wao wainunulie nini. Ng'ambo ya mpaka, Katiba ya Kenya inazihakikishia kaunti angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa. Kaunti zina matatizo yao, tunayasikia kila siku kwenye redio yao, lakini zina cha kugombania. Daktari wetu wa mifugo hakukosa mafuta kwa sababu kuna mtu mbaya aliyamwaga. Alikosa kwa sababu hakuna mtu karibu naye mwenye mamlaka ya kusema: wiki hii kuna homa ya nguruwe, toeni lita kumi.

Huduma za afya za bure nazo zina kidonda chake. Dawa za serikali hushuka kutoka bohari ya taifa kila baada ya miezi miwili, zikiwa na muhuri kwamba haziuzwi. Mwezi wa pili ukifika nusu, muuguzi anaandika karatasi na kukuelekeza dukani. Kituo kinajua kilichopokea, mgonjwa hajui. Hapa tena, orodha ukutani: tumepokea kiasi hiki, tarehe hii, kimebaki kiasi hiki.

Nimeuacha mwishoni mpango ninaoupenda kuliko yote, ule wa wazee, SAGE. Ulianza 2010 kwa majaribio katika wilaya 15, Uingereza na Ireland zikisaidia. Mzee alipata kiasi kilichofika shilingi 25,000 kwa mwezi, akianzia umri wa miaka 65, na 60 kwa Karamoja. Hakuna mradi, hakuna kikundi, hakuna andiko la biashara. Wewe ni mzee, hii ni yako. Na wazee waliifanyia maajabu pesa ile: chumvi, sabuni, daftari la mjukuu, kuku mmoja. Nimeona bibi akirudi kutoka kulipwa ameshika sukari nusu kilo, na jinsi alivyotembea ilikuwa tofauti na alivyokwenda. Alikuwa na cha kuwapa watu nyumbani kwake.

Mpango ulipoenezwa nchi nzima mwaka wa fedha 2020/21, umri ulipandishwa mpaka miaka 80. Na kiasi? Kilibaki 25,000. Kumbuka kwamba mwaka 2011 peke yake mfumuko wa bei ulifika asilimia 30. Kilichokuwa kinanunua kuku, leo kinanunua mguu wa kuku na mafuta ya kuukaangia. Hapa mpakani tofauti inauma zaidi kwa sababu tunaiona kwa macho. Kenya humlipa mzee wa miaka 70 shilingi zao 2,000 kwa mwezi, ambazo zikibadilishwa pale mpakani zinazidi 50,000 zetu. Ndugu wawili wa ukoo mmoja, nyumba zao zimetenganishwa na kijito. Mmoja alianza kupokea akiwa na miaka 70, mwingine amefika 76 na anaambiwa asubiri minne, kwa nusu ya kiasi.

Na kuna wale waliofika 80 ambao kompyuta imekataa. Vitambulisho vya taifa vilipoanza kuandikwa kwa wingi mwaka 2014, wazee wengi hawakuwa na cheti cha kuzaliwa. Mtu anajua kwamba alizaliwa mwaka ambao askari wa KAR, jeshi la kikoloni la Afrika Mashariki, walirudi kutoka vitani Burma; karani kijana hajui Burma ilikuwa lini, anaandika 1953. Kwa kalamu hiyo mzee amepoteza miaka minane ya posho. Mwaka 2022 mashirika ya haki za kijamii yalikwenda mahakamani kuilalamikia serikali kuhusu watu wanaonyimwa huduma kwa ajili ya kitambulisho, na walikuwa na haki ya kwenda. Kurekebisha umri wa mzee kungewezekana kijijini, mbele ya LC1 na wazee wenzake watatu waliocheza naye utotoni. Hakuna ushahidi mzuri kuliko huo.

Nikiambiwa nichague jinsi ya kutumia trilioni moja ya PDM, sitaifuta. Ningechukua sehemu yake, hata robo, nikaipa gombolola kwa ajili ya mafuta, chanjo za kuku, dawa za kuogeshea ng'ombe na mishahara ya mabwana shamba, ili milioni 75 zinazobaki katika kila parishi zimkute mtu aliye na wa kumuuliza. Ningerudisha umri wa SAGE uwe 70 na kuongeza kiasi, kwa sababu pesa ya mzee haina mtu wa kati wa kuila na inabaki yote sokoni kwetu. Na ningefanya tena lile la miaka ya tisini, lisilo na gharama: kila ofisi ya parishi ibandike ukutani majina ya waliopata, kiasi, tarehe na foleni ya wanaofuata, kwa lugha inayosomwa pale. Wapo wanaosema hilo litawaaibisha waliokopa. Nimewauliza waliokopa. Wanachokiogopa ni mnong'ono, na orodha hukata mnong'ono.

Juma lililopita nilimtembelea mama wa nguruwe. Banda bado limesimama. Ameanika maharage juu yake. Nikamweleza habari za mkutano wa Novemba, kwamba mtu yeyote anaweza kwenda na kusema.

"Mwanangu," akaniambia, "mimi siombi milioni nyingine. Naomba yule daktari akija siku ya kwanza, awe na mafuta ya kuja na ya kurudi. Hilo linasemwa kwa nani?"

Nikamwambia linasemwa pale pale. Akaniuliza mkutano ni lini. Nilikwenda kuangalia kwenye ubao wa matangazo wa ofisi. Kulikuwa na tangazo la mnada wa mwaka jana, limepauka. Tarehe niliipata kwa kupiga simu tatu. Nikaiandika kwa kalamu nene kwenye kipande cha boksi, na tukakipigilia kwenye mlango wa banda, mahali ambapo hata majirani wanaopita kwenda kisimani wataiona.